Ukuta Alioubomoa Heche

Naweka jogoo wangu mwekundu hapa chini, miguu imefungwa kabisa, na nasema: hakuna hata mmoja wenu atakayeamini kwamba mwanaume wa Kikurya, aliyetahiriwa mchana kweupe bila kupepesa jicho, alitoka mbio ndani ya nyumba yake mwenyewe kwa mlango wa nyuma, kajifunga khanga ya mkewe, mkononi ana mwiko wa ugali. Na aliyemkimbiza ni bibi mmoja mwembamba ambaye hata kidole hakunyanyua. Atakayeamini, jogoo ni wake. Najua nitarudi naye nyumbani.

Mwanaume mwenyewe ni Heche, wa pale Morotonga, nyumba ya mwisho kabla barabara haijaamua kuwa njia ya ng'ombe. Shule aliachana nayo darasa la tano. Yeye anasema alishamaliza yote yaliyokuwepo ya kujifunza. Miaka kumi na miwili alichimba mashimo Nyamongo, akatoka huko na kikohozi, pikipiki moja, na uhakika kwamba hakuna kazi duniani inayomshinda. Dhahabu aliiona. Ya wenzake.

Miaka sita ya ndoa, mkewe Mokami alipikia kwenye kibanda cha mabati nyuma ya chumba chao cha kupanga huko huko Nyamongo. Mvua ikinyesha, mchuzi unaongezeka wenyewe. Heche aliona ni baraka. Mokami hakuiona hiyo baraka. Siku moja, akiwa na mimba ya miezi mitatu, alifunga begi akarudi kwa mama yake, upande wa Tarime. Hakugomba, hakutupa sufuria, na hapo ndipo Heche alipoogopa, maana mwanamke anayerusha sufuria bado ana mpango na wewe.

"Tafuta nyumba ya kulelea mtoto," Mokami alimwambia. "Ukiipata, mama atanileta mwenyewe aione. Akisema sawa, nabaki. Akisema siyo, narudi naye na begi langu."

Heche akauza pikipiki, akaongeza na ng'ombe wawili, akanunua nyumba kuukuu ya bwana shamba mstaafu aliyehamia kwa watoto wake. Nyumba ya tofali za kuchoma, bati limekula kutu mpaka limekuwa jekundu, dari lina popo, sakafu imepasuka na mchwa wamefungua stendi. Katikati palikuwa na ukuta mnene unaotenga sebule na jiko, na kimlango chembamba pembeni. Heche aliizunguka mara mbili, akapiga kofi ukutani kama anayenunua fahali, akasema: "Hii naipa wiki tatu inakuwa ikulu."

Akaanza na bati. Akapanda juu na lami ya moto, akaziba matundu kumi na tisa, na la ishirini akalitoboa yeye mwenyewe kwa goti. Akaja kwa popo. Akachoma pilipili kichaa ndani, milango imefungwa, kuwafukuza kwa moshi. Popo walitoka saa moja wakarudi. Heche alitoka siku mbili. Akaja kwa rangi. Alitaka nyeupe, lakini ilipopungua akachanganya na masalia ya rangi ya sakafu aliyoyakuta stoo, ukuta ukatoka na rangi kama ufizi. Waliomcheka aliwajibu kwamba watu wa Dar wanaitafuta rangi hiyo na hawaipati.

Lakini kitu ambacho Heche hakukitegemea ni jiko. Mchana anapigana na nyumba, jioni njaa inamkuta peke yake, na hoteli za mjini Mugumu mpaka utembee. Akaanza na viazi vitamu vya kuchemsha na maziwa mgando. Hapo hakuna ufundi, hata mbuzi angeweza angekuwa na kiberiti. Halafu akajaribu majani ya kunde. Yakaungua. Jirani yake wa ng'ambo, Laurensia, muuguzi wa zahanati aliyeletwa na serikali kutoka Kagera, alisikia harufu akaja na ndoo ya maji akidhani nyumba inawaka.

"Kaka Heche, unapika au unafukuza popo?"

"Napika kwa mtindo wa kwetu."

"Kwenu mnakula mkaa?"

Tangu siku hiyo Laurensia akawa anampa masomo kutoka dirishani kwake, kwa sauti ya kuwapanga wagonjwa foleni. Karanga zisagwe laini. Kunde zikatwe nyembamba. Kuku wa kienyeji achemshwe taratibu na chumvi tu mpaka ajisalimishe mwenyewe, ndipo umuunge. Na Heche, bwana, akawa anaelewa! Jioni anakaa kwenye kigoda mbele ya mafiga, miguu ina lami, kichwa kina vumbi la popo, anageuza chungu, na mabega yanashuka taratibu. Nyama kavu na karanga. Mlenda. Obokima, ule ugali wetu wa mtama na muhogo, mweusi, mzito, unaokatika kama tofali. Alikuwa anafunga dirisha asionekane. Harufu ikawa inapita chini ya mlango kwenda kumtangaza.

Pale dukani kwa Waitara, ambapo wanaume hukaa kusubiri jua lichoke, walikuwa wanamngoja.

"Heche mura, leo umeunga nini?"

"Sijaunga kitu. Nimetoka kupiga lipu."

"Lipu ya karanga? Maana ipo hapo kwenye ndevu."

"Wacheni wivu," Heche akasema akijifuta. "Nyinyi wake zenu wakienda msibani siku tatu tunawazika."

Na kweli Waitara akageuka kupanga sabuni, maana mwaka jana mkewe alikwenda msibani na yeye alikula biskuti za dukani kwake mpaka zikaisha.

Sasa tuje kwenye akili kubwa. Jioni moja Heche, anakula viazi na simu iko mkononi, akaona video ya nyumba za matajiri. Jiko na sebule ni kitu kimoja! Hakuna ukuta. Mama anapika huku anaongea na wageni, mtoto anatambaa, baba yuko kwenye kochi anatazama yote bila kusimama. Heche akaacha kutafuna. Akautazama ule ukuta mnene wa bwana shamba, ukuta wa watu, uliokaa hapo miaka arobaini bila kumkosea mtu, akauona ni adui.

Asubuhi akamwita fundi Tomaso. Tomaso ni mtu wa maneno machache. Alizunguka ukuta, akatazama juu, akasema:

"Huu umebeba kenchi za paa."

"Tutaweka nguzo."

"Na kwa nini uubomoe?"

"Wewe fundi Tomaso, umeshawahi kuona nyumba za matajiri?"

"Nimezijenga."

"Kwa hiyo unajua."

"Najua kwamba wanalipa kujengewa ukuta," Tomaso akasema, na akaweka nguzo, maana fundi akishasema na hakusikilizwa hugeuka kuwa mtu wa kupokea maagizo.

Nyundo alipiga Heche mwenyewe. Siku mbili. Ukuta ulikuwa mgumu kuliko mwamba wa Nyamongo, lakini ukaanguka. Zile tofali hakuzitupa, yeye ni mtu wa mahesabu: alizipanga chini zikawa njia ya kistaarabu kutoka mlango wa nyuma mpaka chooni, ili Mokami na tumbo lake asiteleze. Halafu akasimama mlangoni akatazama. Kutoka mlango wa mbele ulikuwa unaona mpaka mafiga, mpaka mlango wa nyuma, mpaka choo chenyewe. Nyumba nzima kwa jicho moja. Heche alijisikia kama mkuu wa wilaya.

Mokami alipopiga simu kuuliza nyumba imefikia wapi, alijibiwa: "Usiwe na haraka, wewe utashangaa tu."

Hapo hakudanganya.

Kwa wale mliozaliwa mbali na huku, mnivumilie kidogo. Kwetu mwanaume na mama mkwe wake wana ensoni, ile aibu ya heshima. Hawashikani mikono. Hawatazamani usoni. Hawali mmoja mbele ya mwingine, na chini ya bati moja hawakai bila kitu katikati. Mkwe akimwona mama mkwe njiani, anaingia porini hata kama pori lina nyuki. Siyo uadui, jamani, ni heshima. Heche alilijua hilo tangu ananyonya. Lakini miaka sita Nyamongo aliishi chumba kimoja ambacho mama mkwe hakuwahi kukanyaga, na kitu usichokitumia miaka sita unasahau umekiweka wapi. Ndiyo hivyo mwanaume aliyekumbuka matundu kumi na tisa ya bati akasahau kwamba anatengeneza nyumba ya kukaguliwa na mama mkwe.

Jumamosi ikafika. Wageni walisema watafika alasiri. Heche akaamka na jogoo, akafagia, akachinja kuku, akampika taratibu mpaka kuku akajisalimisha. Mlenda tayari. Maziwa mgando yamejaa kibuyu. Saa sita akaweka maji ya ugali, akaanza kusonga. Ugali wa mtama na muhogo hausongwi na suruali nzuri, kwa hiyo alivua shati, akajifunga kiunoni khanga ya Mokami iliyobaki, ile yenye korosho, akashika mwiko kwa mikono miwili, akawa anausonga ugali huku anaimba. Alikuwa na furaha ile ya mtu ambaye kila kitu kiko sawa.

Na gari la kutoka Tarime, ambalo kila siku linachelewa, siku hiyo likawahi.

Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Mama mkwe, mama Ghati, mwembamba, amevaa kitenge chake cha kutokea na kilemba, alipanda ngazi ya baraza mbele ya binti yake. Akainua uso kutoa salamu. Na pale mbele yake, kwa hisani ya ule mtindo wa matajiri, hapakuwa na ukuta, hapakuwa na pazia, hapakuwa hata na kochi la kusaidia. Palikuwa na mkwe wake, kifua wazi, khanga ya korosho, anautikisa mwili na ugali pamoja.

Macho yakakutana.

Mama Ghati alifunika uso kwa kitenge na kugeukia barabarani kwa wepesi wa askari. Heche hakugeuka, alitoweka. Alipita mlango wa nyuma na mwiko wake, akaruka ile njia ya kistaarabu, akaenda kusimama nyuma ya choo, anahema. Laurensia alikuwa anaanika nguo, akamwona.

"Kaka Heche, ni nyoka?"

"Ni mama mkwe!"

Laurensia akaketi chini kabisa kwenye majani, akacheka mpaka vibanio vikaanguka.

Ndani, Mokami alibaki amesimama katikati ya ikulu, tumbo la miezi saba mbele, begi mkononi. Akatazama rangi ya ufizi. Akatazama nguzo. Akatazama pale palipokuwa na ukuta, pana alama tu chini kama kovu. Akaiepua sufuria ya ugali isiungue, akatoka nyuma, akamfuata mumewe mpaka kule chooni.

"Baba nani, ukuta uko wapi?"

Heche akaonyesha chini kwa mwiko. Mokami alikuwa amesimama juu ya tofali zake.

"Mama alikuwa akae kwangu miezi miwili nikijifungua," Mokami akasema polepole. "Nilipouona huo ukuta kwenye picha uliyonitumia siku unanunua, nilimwambia mama, hapa utaweza. Mume wangu atakuwa sebuleni, wewe jikoni na mimi na mtoto. Kimlango kile. Kila mtu na upande wake. Ndiyo maana alikubali kuja."

Heche akatazama chini, akaanza kuhesabu tofali za njia.

"Gari linarudi Tarime saa kumi na moja," Mokami akasema. "Mama yuko barazani, ameipa nyumba mgongo. Begi langu nimeliweka karibu naye."

Akarudi ndani.

Heche akavua khanga. Akapiga yowe la kumwita Tomaso ambalo lilisikika mpaka Waitara akafunga duka akaja mbio akidhani ng'ombe wameibwa. Tomaso akaja na mwiko wake wa kujengea, timazi, pima maji na kamba, kana kwamba alikuwa amekaa tayari. Alikuwa amekaa tayari.

"Nilijua utaniita," akasema. "Nilidhani ni wiki ijayo."

Saa saba wakaanza kung'oa njia ya chooni. Tofali moja moja, Heche anang'oa na kubeba, Waitara anakanyaga udongo na maji, Tomaso anapanga. Hapakuwa na saruji wala muda wa saruji, ni udongo tu, kama babu zao. Heche kwanza alijaribu kutundika turubai liwe ukuta. Sauti ikatoka barazani, haikumwambia yeye, ilimwambia binti:

"Mokami, mwambie huyo anayetundika kwamba turubai ni la kuanikia mahindi."

"Mama anasema turubai ni la mahindi," Mokami akarudia, yuko hatua mbili kutoka kwa mumewe, ambaye alishasikia vizuri.

"Mwambie mama nimesikia."

"Amesikia, mama."

"Sikumuuliza kama amesikia."

Saa tisa ukuta ulifika magotini. Saa kumi kasoro ukafika kifuani kwa mtu aliyekaa. Hapo Mokami akamwingiza mama yake sebuleni, akamkalisha kwenye kigoda, uso kwenye dirisha, mgongo kwa ukuta. Upande wa pili Heche anachuchumaa kila akipita ili kichwa kisizidi tofali. Mchimbaji mkubwa wa Nyamongo, anatembea kama bata, kabeba tofali.

Mokami akampakulia mama yake. Ugali umepoa kidogo lakini obokima haukasiriki kwa kupoa. Kuku. Mlenda. Kibuyu. Upande wa jikoni wanaume watatu wakaacha kazi, wakawa wanasikiliza mtu anavyotafuna.

"Mokami," mama Ghati akasema. "Nani kapika?"

Waitara akajiziba mdomo kwa mkono wa udongo. Mokami akatazama juu ya ukuta, akamwona mumewe kachuchumaa, macho yamemtoka.

"Mama si umeona mwenyewe ulipoingia?"

"Mimi?" bibi akasema. "Mimi niliona nini? Kuna mtu nilitakiwa kumwona? Sikumwona mtu. Na kama sikumwona mtu, sikumwona na khanga, wala sikumwona na mwiko." Akatafuna. "Aliyepika, yeyote yule, mwambie aongeze kuku. Na mwambie tofali la pembeni, la mstari wa tano, limepinda."

Tomaso akaweka pima maji kwenye mstari wa tano. Limepinda. Fundi wa miaka ishirini, akalitoa akalirudishia.

Heche akapakua kuku mwenyewe, mapaja yote mawili, akapitisha sahani juu ya ukuta kwa mkono mmoja, uso kaugeuzia chooni. Mokami akaipokea. Na hapo, nawaambia, Heche alivimba. Alisahau kabisa kwamba anakaguliwa. Alianza kumnong'oneza Waitara kwamba siri ni moto mdogo na kwamba karanga lazima zisagwe laini, mpaka Tomaso akamuuliza kama anataka ukuta au anataka mgahawa.

Saa kumi na moja kasoro robo gari likapiga honi barabarani. Ukuta ulikuwa umempita mtu aliyesimama, kidogo tu, na kimlango kimekaa pale pale kilipokuwa, kina pazia. Udongo mbichi, umechafuka, tofali moja ina rangi ya ufizi, nyingine ina matope. Nyumba ya bwana shamba ilirudi kama ilivyokuwa, ila mbaya zaidi.

Mama Ghati akasimama. Akaupiga ukuta kofi upande wake. Ukakaa. Akasema kwa sauti ya kutangazia:

"Mokami, mwambie dereva aende. Mimi leo nalala hapa niuone huu ukuta asubuhi utakuwa bado umesimama."

Waitara akarukaruka. Tomaso akaosha mwiko wake. Heche akamshika mkono kila aliyekuwepo upande wa jikoni, akatoka nje kwa nyuma kifua mbele, akapanda na kushuka pale palipokuwa na njia ya chooni, sasa ni mashimo matupu, akisema kwa sauti kwamba yeye ni mtu wa kujenga ukuta kwa masaa manne, na kwamba hata hao matajiri waje wajifunze.

Mokami akatoka akamkuta huko. Alikuwa na sahani yenye shingo ya kuku, kipande pekee kilichobaki. Akampa. Heche akala kwa kusimama, matope mpaka kwenye nyusi.

"Kapika vizuri huyo mtu," Mokami akasema.

"Umesikia mama alivyosema? Kaomba aongezewe kuku!"

"Nimesikia. Mama kabaki." Mokami akashika kiuno, tumbo limemchosha. "Begi langu bado liko barazani."

"Nalileta sasa hivi."

"Usilete."

Heche akaacha kutafuna.

"Mama alikuja kuangalia nyumba," Mokami akasema. "Nyumba kaona. Mimi sijaja kwa ajili ya bati na popo, Heche. Kule Nyamongo ulijenga kibanda cha kupikia upande wa upepo, hukuniuliza. Ukauza mbuzi wangu, hukuniuliza. Hapa umebomoa ukuta siku mbili kwa nyundo, na simu ulikuwa nayo mfukoni."

"Lakini nimeujenga tena! Kwa mchana mmoja! Nani mwingine hapa Morotonga..."

"Sijauliza kuhusu kujenga."

Gari likapiga honi ya mwisho, likaondoka. Laurensia alikuwa anatoa nguo kambani, polepole sana kwa mtu mwenye nguo nne. Heche alitafuta utani. Alitafuta hata ule wa matajiri, hata wa popo. Akatazama sahani, akatazama mashimo ya tofali chini.

"Nilikosea," akasema. "Ule ukuta nilitakiwa nikuulize kwanza, sikukuuliza."

"Basi kalete begi," Mokami akasema, akaichukua sahani.